Kelele za Fundi wa Tarumbeta

Kijana huyu hakukosa pesa wala elimu. Alikosa jirani. Alikosa mlango wa kubisha chumvi ikimwishia, alikosa kiti alichokinunua mwenyewe, alikosa hata jina la kuandika kwenye fomu palipoulizwa nani apewe habari akipatwa na jambo. Kazi yake ilikuwa kutafsiri maneno ya filamu kwa kompyuta ya mkononi, hivyo alihama miji kama mtu abadilishaye shati.

Safari hii alipima mitaa mitatu. Wa kwanza ulikuwa kimya, akauona umepooza. Wa pili ulikuwa karibu na stesheni, akauona hauna roho. Wa tatu ulikuwa mtaa wa wasanii: kuta zilizochorwa, ngazi nyembamba, na katika picha ya tangazo mtu ameinama mlangoni akifanya kazi ya mikono. “Hapa ndipo penye uhai,” alijiambia, akalipia chumba cha juu.

Uhai ulianza saa mbili asubuhi. Chini yake palikuwa na karakana ya fundi wa tarumbeta, mzee aliyepanga pale miaka ishirini na sita. Aligonga shaba iliyobonyea, akapuliza kuijaribu, akagonga tena. Siku ya tatu mhamaji alishuka, uso umekunjamana.

“Mzee, huwezi kugonga polepole? Nina mkutano.”

“Na nani? Mbona chumbani uko peke yako?”

“Kwenye kompyuta.”

“Basi waambie hao wa kwenye kompyuta, shaba haibembelezwi, mwanangu.”

Wateja wawili walicheka. Kicheko kile kilimchoma kuliko nyundo. Alipanda ngazi akamwandikia mwenye nyumba barua kali. Hakujua, wala hakujisumbua kujua, kwamba mpangaji wa zamani hakuweza kutolewa ila kwa malalamiko ya maandishi ya mpangaji mwenzake. Mwenye nyumba alikuwa akiyasubiri kama fisi asubiriye mkono wa mtu udondoke. Kesho yake fundi alipewa siku saba za kuhama, pamoja na nakala ya barua ile.

Mzee alipanda juu, akaitandaza barua juu ya kompyuta.

“Soma. Kwa sauti. Ya kulalamika si unayo?”

Kijana alisoma mistari mitatu, akaisukuma kando.

“Mitaa ya kimya imejaa mjini. Huku ulifuata nini?”

Akitaka kujitetea, kijana alifungua ile picha ya tangazo. Mzee aliitazama, kisha akaweka kidole chenye masizi juu ya kioo.

“Huyu aliyeinama ni nani?”

Aproni ilikuwa ileile aliyoivaa mzee, na kiraka chake kifuani. Nyundo ilikuwa ileile.

“Sikuangalia vizuri, mzee.”

“Uliangalia. Ulinitaka pichani, nisiwe na sauti. Mama mwenye nyumba alinitumia mimi kukuvuta wewe, sasa anakutumia wewe kunitoa mimi. Wajinga tuko wawili, ila anayefungasha ni mimi.”

Kijana alimpigia simu mwenye nyumba, akadai barua yake irudishwe.

“Si ulitaka kimya?” mama yule alijibu. “Nimekupa. Karakana ikishapakwa rangi nitawapangisha wenzako wa kompyuta.”

Hasira ikampanda kijana, na kwa mara ya kwanza ilimpanda dhidi ya nafsi yake.

“Nitakuomba radhi kwa maandishi,” alimwambia mzee.

“Radhi kaa nayo. Liandikie baraza la wapangaji; ndilo linaloweza kumzuia. Sema ulichofanya.”

Aliandika kwa mkono, dirisha wazi, nyundo ikigonga chini yake. Kompyuta iliita kwa mkutano, akaifunika. “Nilihamia mtaa wa mafundi,” aliandika, “kisha nikawashtaki kwa ufundi wao. Nafuta malalamiko yangu.” Kanuni za baraza zilitaka na sahihi ya jirani. Akashuka na barua. Fundi alitia sahihi bila kumtazama, akaacha alama ya kidole cheusi pembeni, akarudi kwenye shaba yake.

Kijana alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akaenda kuitumbukiza katika sanduku la posta. Hakujua kama baraza lingemsikia. Alijua tu kile ambacho mtu mzima hapaswi kufundishwa kwa kumvunjia mwenzake nyumba: ukipenda boga, penda na ua lake.