Kidari cha Mtu Mmoja

Sogeeni, nyie mnaojua kuhukumu haraka, maana leo nina kesi na mshitakiwa ni mimi mwenyewe. Kwanza wajueni watu watatu. Mama mkwe wangu, Ndeshi, anajua kupika chakula kisichohitaji jino hata moja. Wifi yangu Nakijwa, mwalimu wa chekechea, ana sikio lisilopitwa na kitu. Na Aminieli, mshereheshaji mwenzangu hapa Moshi, aliwahi kuvaa vyuma vya meno miaka miwili, kwa hiyo taabu yake anaijua. Mimi ni Aikande. Nasherehesha harusi, kazi yangu ni kuongea.

Wiki tatu kabla ya harusi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, niliwekewa vyuma. Vya ndani, vinavyobandikwa nyuma ya meno, upande wa ulimi, ili ukicheka mtu asione kitu. Nyumbani na kwa wenzangu wa kazi nikasema daktari kalazimisha, taya langu lina matatizo. Uongo mtupu. Taya lilikuwa zima. Nilijiona kwenye video ya harusi fulani, meno yamepandana, nikaona aibu, basi.

Nilitoka kliniki siwezi hata kutamka jina la mume wangu vizuri. Ulimi ukachanika, mate yakanijaa mdomoni, maneno yakawa yanatoka kama tairi linalopoteza upepo. Mteja mmoja alinisikia kwenye simu akauliza kama nimelewa.

Mama mkwe akasikia kwamba sili. Akashuka kutoka Machame na mkungu mzima wa ndizi, akakaa kwangu siku kumi na tisa. Asubuhi uji, mchana mtori, supu ya ndizi na nyama, alioupondaponda na kuuchuja mpaka ukanyweka kwa kikombe. Kule kwake kahawa ilikuwa imeiva na hakuna wa kuichuma. Nikamwambia arudi.

"Kahawa itaiva tena mwakani," alisema. "Wewe unaumwa."

Nikaunywa mtori wake nimeinamisha macho. Kahawa yote ilidondoka chini.

Nakijwa yeye alikuja kila jioni akitoka shule. Alinipa orodha ya wageni, akakaa kwenye kiti na kunigeuzia mgongo, asiuone mdomo wangu, asikie tu. Nikikosea jina anagonga kiti kwa kijiko, narudia. Majina mia mbili, jamani. Wiki ya kwanza nililia, na siku moja nilimfokea kabisa kwamba mimi si mtoto wake wa chekechea. Kesho yake akaja tena. Kumbe mazoezi ya kwaya yao yalikuwa saa ileile, na walikuwa wanajiandaa na mashindano. Nafasi yake ya kuongoza wakampa mwingine. Wala hakunieleza, niliambiwa na mtu sokoni.

Aminieli alinifundisha kubandika nta juu ya vyuma visinikwaruze, kusukutua kwa maji ya chumvi, na kumeza mate kabla ya kushika kipaza sauti. Lakini si hilo tu. Kamati ya harusi walisikia ninavyoongea, wakamfuata wampe yeye ile kazi. Mimi ningekuwa yeye ningekubali kabla hawajamaliza kusema. Yeye aliwaambia, "Aikande anaumwa, hajafa. Mngojeeni." Na mwaka ule hakupata harusi nyingine ya maana.

Siku ikafika. Sherehe ya mchana, Kibosho, mahema yamejaa. Nilisherehesha mpaka mwisho. Sikukosea jina hata moja, ulimi haukutoka damu, nguvu hazikuniishia. Watu walishangilia mpaka nikaogopa.

Sasa, ukoo wa bibi harusi una desturi yao. Ndafu akishakatwa, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, baba wa bibi harusi humpa mshereheshaji kidari, na kidari hicho hakiliwi na aliyepewa. Mzee Kileo akanyanyuka, akanikabidhi sahani na kisu.

"Mwanangu," alisema, "mlishe mtu aliyekufanya usimame hapa leo. Mmoja tu. Ukilisha wawili umetudharau."

Muziki ukazimwa. Mama mkwe alikuwa meza ya wazee, kavaa kitenge kipya. Nakijwa alikuwa nyuma yangu na ile orodha mkononi. Aminieli kasimama karibu na spika. Kila mmoja alinitazama kisha akaangalia pembeni, kwa adabu, kama mtu asiyetarajia kitu. Bila mtori ningeanguka. Bila kijiko ningechekwa. Bila Aminieli ningekuwa nimekaa na wageni, namtazama mwingine akifanya kazi yangu. Na wote watatu walihangaikia ugonjwa usiokuwepo. Nikataka kusema ukweli palepale, kwenye kipaza sauti, nikashindwa. Nilikata kipande, nikaanza kutembea.

Nilimlisha mmoja. Simtaji, msije mkaamua kwa kunifuata mimi. Wale wawili walipiga makofi kuliko watu wote pale, na mpaka leo wakinipigia simu jambo la kwanza wanauliza kama naendelea vizuri. Naona haya kuwajibu.

Haya, sahani nimewapa nyie, na hao watatu wako mbele yenu. Je, wewe mkono wako ungekwenda kwenye mdomo wa nani?