Gitaa la Asangwile Lililovuka Maporomoko

Enzi za mababu, kabla barabara haijakata milima hii, watu wa Lumbwe waliishi kando ya maporomoko ya maji, kwenye ardhi iliyostawisha ndizi kuliko zote, lakini mtu hakusikika mpaka amkaribie mwenzake sikioni. Huko ndiko alikozaliwa Asangwile, mwana wa Kasyombe, mjukuu wa Mwaluswa, wahunzi watupu. Naye akaitwa Simba wa Fuawe, Mkono Usioungua, kwa kuwa alishika chuma ambacho wengine hawakuthubutu kukisogelea. Kuunda magitaa ya mbao alifundishwa na msafiri aliyeugua akalala kwao msimu mzima.

Kwa kuwa maji yalimeza maneno, kila mtu wa Lumbwe, awe amezaliwa pale au ameolewa pale, alipewa mlio wake mfupi, na watu walimwita kwa kuupiga mluzi. Huo ndio uliokuwa jina lake.

Watu wa ng'ambo wakaitamani ile ardhi, wakamwendea Malafyale Mwansasu, mtawala wa kingo zote mbili, wakamwambia kwamba Walumbwe ni wapita njia. Malafyale akatamka: "Ardhi ni ya aliyezika. Nitakaa ng'ambo, nanyi nipigieni milio ya wafu mliowazika huko. Nikiisikia, kaeni. Nisipoisikia, hameni kabla ya mvua."

Miluzi ya kijiji kizima haikuvuka maji. Asangwile akapiga gitaa lake la mninga, lililowambwa ngozi ya mbuzi kifuani, lakini manyunyu yakailowesha ngozi, ikalegea, sauti ikafa pale pale. Mjumbe akarudi na maneno ya ng'ambo: "Tumeona midomo inacheza tu. Mlikuwa mnatafuna nini?" Malafyale akawapa nafasi ya mwisho, mwezi utakapoandama.

Hapo Simba wa Fuawe akaingia jikoni kwake akaitwaa sufuria ya shaba, kubwa na ya pekee katika nyumba ile.

"Baba Angetile," mkewe Subilaga akamwuliza, "ukiiharibu hiyo, watoto niwapikie kwenye kofia yako?"

"Tukihamishwa, utaiinjika wapi?"

Subilaga akaiachilia, na tangu siku hiyo akawa anachoma ndizi badala ya kuzipika. Asangwile akaifua ile shaba mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikitetemeka mtu akiipumulia. Akaiweka kifudifudi ndani ya tumbo la gitaa, akaegemeza kidaraja cha nyuzi mgongoni mwa shaba hiyo, ili kila uzi ukiguswa, shaba yote ilie.

Mwezi ulipoandama, akasimama kwenye jabali, manyunyu yakimchuruzika usoni, akaanza kupiga milio ya wafu, mmoja baada ya mwingine, wazee kwa watoto. Ng'ambo, Malafyale akainua mkono watu wanyamaze.

"Bwana wetu," mzee mmoja akamwambia, "hiyo ni sufuria tu inalia."

"Basi sufuria hiyo inawajua wafu kuliko wewe. Kaa kimya."

Ndipo ukavuka mlio ambao Malafyale mwenyewe alikuwa akiupiga kwa mluzi kila alipokwenda kumtembelea dada yake Nyambilila, aliyeolewa Lumbwe akafa huko kwa uzazi. Mtawala akasimama, akasikiliza mpaka mwisho wake. "Huyo ni wangu," akasema, "naye amelala kwao. Nani kati yenu atakwenda kumfukua?" Walumbwe wakabaki.

Asangwile, Mkono Usioungua, akawafundisha wote waliotaka ufundi huo, wake kwa waume, na magitaa yenye tumbo la shaba yakaenea kingo zote mbili. Alipozeeka akapanda mlimani kutafuta mti wa kuundia gitaa kubwa zaidi, asirudi. Walimtafuta mpaka mvua zikafuta njia, wasipate hata kiatu. Kwa hiyo hana kaburi, na kwa neno la Malafyale, asiye na kaburi hapigiwi mlio.

Hadi leo, baada ya mavuno, Walumbwe huwapigia wafu wao kwa zamu. Wakishampigia Kasyombe, baba yake Asangwile, wapigaji wote huweka viganja juu ya nyuzi, na kwa kitambo kidogo husikika maji peke yake. Kisha huendelea na wanaofuata, na wakimaliza, watu huenda kula.