Fundi na Shilingi ya Simba

Wapendwa, kulikuwa na fundi cherehani mmoja. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kugeuka kumtafuta kwenye mabenchi, na leo sitaki mtu amwangalie mwenzake.

Fundi huyu alikuwa mtu wa watu. Alishona sare za shule, na mzazi akikosa hela, fundi alimwambia, "Mtoto avae kwanza, tutaongea." Hakunywa, hakuwa na nyumba ndogo, na Jumapili alifika kanisani kabla ya kengele. Ukimtafutia dhambi ungechoka wewe.

Siku moja mteja alimletea koti la marehemu babu yake alipunguze. Alipofumua pindo, kidole kikagusa kitu kigumu. Kumbe ni senti ya zamani, ile yenye tundu katikati, imeshonewa humo na mtu ambaye labda hakuamini pa kuweka hela pengine. Mteja akacheka. "Chukua wewe, fundi. Mimi nitaipeleka wapi?"

Fundi akaipiga picha, akaulizauliza kwenye simu, na humo akakuta watu ambao hakujua kama wapo duniani. Wanakusanya sarafu na noti za zamani. Wana kundi lao la simu, na kila Jumamosi saa tisa alasiri wanafanya mnada. Dalali anaweka picha, watu wanaandika bei, mwenye bei kubwa anachukua. Fundi akanunua noti moja ya kizamani isiyo na mkunjo hata mmoja, elfu kumi na tano, akaitia kwenye albamu ya plastiki. Haikuwa dhambi, jamani. Kupenda kitu cha kale si dhambi. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Noti ikataka mwenzake, mwenzake akataka sarafu, na albamu ya kwanza ikajaa kabla watoto hawajafunga shule.

Sasa, fundi alikuwa na mama yake. Alimtoa kijijini, akampa chumba cha uani, na mama huyo alikuwa na presha ya macho. Mnaijua? Mara nyingi haiumi. Inakula macho polepole kuanzia pembeni, na mtu anadhani ni uzee. Daktari aliwaambia bila kuzunguka: "Mama, kilichokwisha potea sitakirudisha. Kilichobaki naweza kukilinda, tukikupasua mapema." Akawapa tarehe. Mama akatuma salamu kijijini, ng'ombe wake auzwe, na ng'ombe mwenyewe alikuwa huyo mmoja. Hela ikaja, milioni moja na laki mbili, ikaingia kwenye simu ya mwanawe.

"Kaa nayo wewe, baba," mama akamwambia. "Mimi namba za simu sizioni."

Mmesikia hapo? Hela ya macho ya mama na mnada wa sarafu vilikaa ndani ya simu moja, kwenye mfuko mmoja wa shati. Katikati palikuwa na kidole gumba cha fundi, basi. Hapakuwa na mlango wala mlinzi.

Ikabaki wiki moja kabla ya tarehe ya hospitali. Jumamosi hiyo dalali akaweka shilingi ya enzi za mkoloni, kichwa cha mfalme upande huu, simba upande ule. Fundi alikuwa anapiga pasi sare. Akaapa moyoni hatapita laki moja na nusu, na hiyo laki na nusu ilikuwa ya jasho lake mwenyewe. Akaandika laki moja. Mtu mmoja anayejiita Mwana Hazina akaandika laki moja na ishirini. Fundi akaandika laki na nusu. Mwana Hazina akaandika laki mbili.

Fundi akaweka simu mezani. Nasema kweli, aliiweka. Angeokoka hapo. Lakini Mwana Hazina hakunyamaza. Akaandika mbele ya kundi zima: "Fundi, rudi kwenye sindano zako. Hapa ni pa wenye hela." Na watu wakacheka, zile sura za njano zinazotoa machozi, moja baada ya nyingine.

Niambieni, wewe ungefanya nini? Msijibu haraka. Kila mtu hapa ni mpole mpaka achekwe.

Fundi akaichukua simu. Kuanzia hapo hakuitazama tena ile picha ya sarafu. Alitazama jina la yule mtu tu. Laki mbili na nusu, laki tatu, laki nne. Kila alipoandika, mwenzake alijibu kabla hajameza mate. Laki sita. Laki saba na nusu. Laki na nusu yake ilikuwa imeisha zamani, sasa alikuwa anakula ng'ombe. Akajiambia, nitairudisha, sare za Januari zitairudisha. Akaandika laki tisa na nusu. Mwana Hazina akanyamaza.

"Mara ya kwanza," dalali akaandika. "Mara ya pili. Mara ya tatu. Imekwenda kwa Fundi."

Watu wakampongeza. Fundi hatari! Fundi mwenyewe! Moyo wake ukajaa, siwafichi, ulijaa kweli. Halafu dalali akaweka picha ya noti nyingine, na kundi lote likahamia huko. Fundi akasikia harufu. Pasi ilikuwa imeunguza sketi ya mtoto wa watu.

Jioni akaingia chumbani kwa mama yake. "Mama, daktari amesafiri. Wamesogeza tarehe mwezi ujao."

Mama akasema, "Mungu amfikishe salama."

Shilingi ilipoletwa, fundi alishindwa kukaa nayo peke yake. Furaha isiyo na shahidi haina ladha. Akampelekea mama. Mama aliileta mpaka karibu na pua, akaigeuza, akaigeuza tena, na uso ukamchangamka.

"Hii si shilingi ya simba? Baba yako alikuwa ananipa hii, naenda dukani, narudi na chumvi na mafuta ya taa. Umeiokota wapi?"

"Nimenunua, mama."

"Hela unainunuaje kwa hela?" Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Umetoa ngapi?"

"Kidogo tu."

Mwezi uliofuata daktari alisafiri tena. Mwezi wa tatu mashine iliharibika. Uongo, wapendwa, una tabia ya kuzaa, na fundi alikuwa mlezi mzuri. Sare za Januari zilikuja, lakini zilikuja na kodi ya fremu ya duka na ada za watoto. Yeye akawa anajifariji kwamba mama halalamiki. Na kweli mama hakulalamika. Wazazi wetu hawalalamiki, ndiyo maana tunawatumia hivi.

Siku moja mezani fundi akatafuna jiwe kwenye maharage. Akatafuna la pili. Mkewe hakumwangalia. Alingoja watoto watoke, akasema, "Baba watoto, maharage anachagua mama. Miaka yote hajawahi kuacha jiwe. Na leo nimemkuta anapapasa ukuta wa choo, mlango uko wazi mbele yake. Hiyo tarehe ya daktari ni lini?"

Fundi akaacha sahani. Akaenda dukani kwake, akaitoa ile shilingi, akaandika kwenye kundi kwamba anaiuza. Aliyejitokeza akataja elfu themanini. Mwingine akataja sabini. Fundi akadhani wanamtania. Ndipo akapiga moyo konde, akatafuta namba ya Mwana Hazina, akampigia. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake, na ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayekula chakula.

"Ndugu yangu, mimi ni Fundi. Ile shilingi nakuachia. Nipe hata laki sita."

"Shilingi ipi?"

"Ile ya simba. Tuliyoshindania."

"Aaa, ile!" Yule mtu akacheka, bila ubaya wowote. "Mbona ile ninazo mbili. Sikuwa na shida nayo."

"Sasa mbona ulipandisha mpaka laki tisa?"

"Si wewe ulikuwa huachii? Nilitaka kuona utafika wapi."

Tulieni kidogo na hapo. Ile laki tisa na nusu haikuwa bei ya sarafu. Sarafu ilikuwa elfu themanini. Iliyobaki yote, karibu laki tisa, ilikuwa bei ya kumnyamazisha mtu ambaye hakuwa hata anaitaka. Kumbe pale sokoni hapakuwa na mnunuzi hata mmoja. Palikuwa na wanaume wawili wanaotazamana.

Fundi aliuza cherehani yake ya umeme kwa fundi wa jirani, akajazia kwa zile hela za ng'ombe zilizosalia, akampeleka mama hospitali asubuhi ya Jumatatu. Mama alivaa kitenge kipya. Njia nzima alikuwa anaongea kwa furaha, anauliza kama wakitoka watapita sokoni, maana akishapata macho anataka kuchagua maharage mwenyewe, ya dukani yana mawe mengi siku hizi.

Daktari akamkalisha, akafunga mapazia, chumba kikawa giza. Akamwinua kidevu taratibu. Akachukua kurunzi yake ndogo, akaiwasha, akaielekeza kwenye jicho la kulia. Kisha la kushoto. Akarudia la kulia. Fundi alisimama pembeni, anauona ule mwanga mweupe umelala wote juu ya jicho la mama yake.

Mama akatabasamu. "Mimi niko tayari, daktari," akasema. "Washa tu."

Daktari akashusha mkono wenye kurunzi. Akamwangalia fundi.

Wapendwa, mimi hapo ndipo mfano wangu unapoishia. Msiniulize fundi alimjibu nini mama yake. Nimejaribu kumtafutia maneno, nimekosa.

Najua mmeshaanza kujifariji. Mnasema, mchungaji, mimi sarafu za zamani sina habari nazo, hata hizi mpya hazikai. Haya. Lakini mchango wa harusi uliotoa mwezi uliopita, uliutoa kwa sababu unampenda bwana harusi, au kwa sababu uliona jina la shemeji yako limeandikwa juu ya lako? Lile geti ulilobomoa, ulilibomoa kwa sababu lilikuwa bovu, au kwa sababu ya geti la jirani? Fundi hakupotezwa na shilingi. Alipotezwa na mtu mmoja aliyemcheka. Tunampa mgeni macho ya mama yetu ili asitucheke, na mgeni mwenyewe anakula, hata hakumbuki.

Na mimi nisijitoe. Mwaka jana, hapo nje, kwenye mnada wetu wa mavuno, nilipandisha mkungu mmoja wa ndizi mpaka elfu tisini. Mlipiga vigelegele, mkasema mchungaji anampenda Mungu. Sikuwa namwaza Mungu. Nilikuwa namwaza mzee mmoja wa kanisa, tuko naye humu, ambaye kila nikitaja bei alikuwa anaongeza huku anatabasamu. Wiki ile mke wangu alinisubiri nimpe hela ya dawa ya kifua, nikamwambia mshahara umechelewa. Haukuwa umechelewa. Alikohoa siku kumi na mbili, na leo namwomba radhi mbele yenu.

Wazee wa kanisa, najua kuku na ndizi ziko nje zinasubiri, na kipaza sauti cha mnada kimeshafungwa huko. Kiondoeni. Leo hakuna mnada. Kuku na ndizi zipelekwe kwa wagonjwa wetu, nyumba kwa nyumba, bila kutaja nani ametoa nini. Na wewe uliyekuja na hela mfukoni ya kumshinda mtu, usiitie hata kwenye kapu la sadaka. Nenda nayo nyumbani. Fika, kaa chini, muulize yule asiyelalamika anahitaji nini, halafu subiri mpaka ajibu.

Tusimame.