Jogoo wa Mama Tulinagwe

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, katika kijiji cha Itambi alikuwapo msichana wa darasa la nne, jina lake Tulinagwe. Msichana huyo aliacha kusema. Mwalimu akiuliza, kimya. Wenzake wakicheka, yeye hufunika mdomo kwa kiganja. Mwalimu mkuu, Bwana Mwambungu, akasema hicho ni kiburi, akamhamishia dawati la nyuma. Kiburi hakikuisha. Akamwita mama yake.

"Mama, huyu ni mzito wa kuelewa. Mwakani mtafutie kazi za ndani."

Kabla mwaka haujaisha wakaja wataalamu kupima watoto meno na afya ya akili. Wazazi waliposikia neno akili, wengine waliwaficha watoto wao, tena wale wenye akili nyingi.

Daktari wa meno, Bwana Kajubili, akamwambia Tulinagwe, "Fungua mdomo." Hakufungua. Akambembeleza kwa mswaki mpya. Hakufungua.

Mshauri, Bi Sekela, akamchukua nyuma ya darasa, wakaketi wanasuka nyasi. Hakumuuliza kitu. Wakasuka mpaka akatokea Atupele, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, machozi yanamtoka.

"Ni mimi. Nilisema kinywa chake kinanuka kama ngozi mbichi. Darasa zima likacheka. Tangu siku ile hajasema."

Tulinagwe akalia, akalia sana. Bi Sekela akamwacha alie, kisha akamshika mkono mpaka kwa daktari. Mdomo ukafunguka. Gego lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi. Daktari akaling'oa.

Haukupita muda, Tulinagwe akasoma kwa sauti mbele ya wenzake, na Bwana Mwambungu akaanza kulalamika kwamba mtoto huyu anaongea mno.

Siku wataalamu waliporudi kuwaangalia watoto, mama yake akaleta jogoo. "Ni wa yule aliyenirudishia mwanangu."

Daktari akasema, "Basi ni wangu. Maneno matamu hayang'oi gego."

Bi Sekela akasema, "Ni wangu. Koleo ulikuwa nalo asubuhi nzima. Mbona hukung'oa?"

Bwana Mwambungu akasema, "Mnagombana bure. Nani alimweka nyuma, peke yake, hata ukimya wake ukaonekana?" Na mkono wake ulikwisha kuwa kwenye miguu ya jogoo.

Tulinagwe akasema, "Mama, mpe Atupele. Hawa walikuja kazini. Yeye alikuja kusema kweli, na alijua atachapwa."

"Huyu aliyekufunga mdomo?" mama akauliza.

"Huyohuyo."

Atupele akatazama chini. Mama akamnyang'anya mwalimu jogoo wake, akasimama naye katikati yao, hajui ageukie wapi, na jogoo anawika.

Haya, ninyi mlioketi hapa na meno yenu yote, mnyamazisheni jogoo huyu. Je, nani alistahili kwenda naye nyumbani?