Koki na Shahada ya Wadudu

Tangu avue joho la mahafali, Koki binti Mutisya hakutulia. Asubuhi alitoka kwao Shauri Moyo akaenda kuulizia kazi viwandani, na jioni akarejea na vumbi miguuni na jibu lile lile mdomoni. Akiwa nyumbani aliketi akasimama, akashika kitabu akakiweka, akafungua dirisha akalifunga. Mamake alisema binti huyu amekalia siafu. Huenda ilikuwa kweli, ila Koki angekuwa mtu wa kwanza mtaani kuwatambua siafu hao kwa ukoo na kabila.

Shahada yake ilikuwa ya elimu ya wadudu. Kila afisa aliyeishika aliisoma, akatabasamu, kisha akamwita mwenzake naye aje asome. Wenzake waliosomea uhasibu na ualimu walikuwa wakijikongoja, lakini angalau hakuna aliyewacheka. Koki aliumia, na usiku hakupata usingizi wa maana. Aliona kama amekula jasho la babake bure.

Babake alikuwa mchonga vinyago katika banda moja karibu na Gikomba. Swara wa Mutisya walijulikana hata bila jina. Wachongaji wengine waliondoa mbao nyeupe iliyo chini ya gome wakabaki na kiini cheusi. Yeye aliacha utepe mweupe ukishuka mgongoni mwa mnyama, kutoka shingoni hadi mkiani. Utepe huo ulikuwa fahari yake, na hakuna aliyethubutu kumwiga.

Siku moja Koki aliwapelekea wachongaji chakula cha mchana, akakuta kazi imesimama bandani. Muturi, mfanyabiashara aliyewasafirishia vinyago ng'ambo, alikuwa amesimama kando ya sanduku lililorudishwa.

"Mzee Mutisya, hii ni mara ya pili," alisema. "Watu wamefungua sanduku wakakuta wadudu wanatembea. Kuna mzigo mmoja umebaki. Huo nao ukirudi, mimi na nyinyi basi."

Alipoondoka hakuna aliyegusa chakula. Mnunuzi mwingine hawakuwa naye. Banda likifungwa, Mutisya angerudi kijijini kwao Wamunyu kukaa na mikono mizima isiyo na kazi, na hilo lingemuua kabla ya siku zake.

Mbaluka, rafiki wa Mutisya na mtani wa kila mtu, akavuta kopo la gundi. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yao miaka yote. Walichanganya gundi na vumbi la mbao, wakaziba matundu, kisha wakapaka rangi ya viatu juu mpaka kinyago king'ae kama buti la askari.

"Ngoja, mzee," Koki alisema. Alimgeuza swara mmoja juu chini, akamgonga kwa kiganja. Unga laini kama poda ya mtoto ukamwagika. "Mkiziba hivyo mnamfungia mdudu ndani pamoja na chakula chake."

"Daktari wa Mende ameingia wodini!" Mbaluka alicheka. "Sasa daktari, mgonjwa atapona ama?"

Koki aliendelea kumgeuza swara yule. Somo la wadudu wa mbao alilisoma akisinzia, akijua hatalihitaji maishani. Sasa lilimrudia lote. Aliwakagua swara mmoja mmoja, na kila tundu lilikuwa penye mbao nyeupe. Kiini cheusi hakikuguswa hata kidogo.

"Baba," alisema polepole, "mdudu huyu ni dumuzi. Hula wanga, na wanga uko kwenye mbao nyeupe tu. Ni ule utepe wako."

Mutisya aliweka tezo chini. "Koki, mwanangu, nilikupeleka chuo ili uje uniambie kazi yangu ndiyo ugonjwa? Utepe huo ndio jina langu. Siuondoi. Afadhali banda lifungwe."

Maneno hayo yalimchoma Koki, lakini hakurudi nyuma. "Usiuondoe. Tutamuua mdudu kwa joto, utepe ubaki."

Mtaani hapo palikuwa na Triza, mama mwokaji ambaye tanuri lake lilibaki na joto muda mrefu baada ya mikate ya alfajiri kutolewa. Koki alimwendea mbio mbio.

"Wewe Koki, unataka kuniletea wadudu kwa jikoni ya mkate?" Triza alishika kiuno. "Wateja wakisikia, si nitafunga?"

"Watakufa humo ndani, mama. Na nitakusugulia tanuri mwenyewe."

Triza alimtazama, akaona macho ya mtu asiyelala, akakubali.

Jaribio la kwanza liliharibika. Swara alitoka amepasuka kifuani. Mutisya alimwokota, akamfunga kwa leso yake, akaondoka naye. Leso hiyo ilimuuma Koki kuliko kejeli zote za maofisini. Alirandaranda kutoka Shauri Moyo hadi Kariokor, akapita wauza ndara za matairi bila kuwaona, akageuka, akarudi. Alikosea wapi? Mdudu alikufa, lakini mbao ilikauka kwa pupa, nje kabla ya ndani. Ilihitaji mvuke.

Siku iliyofuata aliweka sufuria pana ya maji ndani ya tanuri, akaacha moto upoe zaidi, akawapanga swara waliobaki. Akaketi, akasimama, akalizunguka tanuri. Triza alimpa chai, nayo ikapoa mkononi. Mutisya alikuja akasimama mlangoni, hakuingia wala hakuondoka.

Mlango wa tanuri ulipofunguliwa, hakuna swara aliyekuwa na ufa. Koki alichukua mmoja, akampa babake patasi.

"Mpasue, baba. Ukikuta mdudu hai, sitasema tena."

Mutisya alisita, kisha akapiga. Ndani ya utepe mlikuwa na mabuu madogo, yamekauka kama punje za mchele. Aliyachokoa kwa ncha ya kisu, akangoja, akachokoa tena. Hakuna lililojikunja.

Mzigo ulisafirishwa. Majuma yaliyofuata yalikuwa mateso, na kila simu ilipolia Koki aliruka. Hatimaye Muturi alikuja mwenyewe, akicheka tangu mlangoni. Mzigo ulipokewa, na walioupokea walitaka mwingine. Kisha akauliza ni nani aliyevitibu vinyago, kwa kuwa mabanda mengine anakonunua yana balaa lile lile, naye anataka kumwajiri mtu huyo avipitie vinyago vyote kabla havijafungwa. Mbaluka ndiye aliyemwonyesha kwa kidole, na mara hii alisema "daktari" tu, bila mende.

Koki alilia pale pale, mbele ya watu, wala hakuona haya.

Mutisya hakuwa mtu wa maneno mengi. Muturi alipokwenda, alivuta gogo jipya, akaliweka kwenye kibao chake cha kazi, akashika tezo, lakini hakukata. Alisogea kando, akampisha binti yake.

"Njoo ulitazame kwanza," alisema. "Ukisema ni zima, nitachonga."

Koki akapiga magoti, akatega sikio kwenye gogo. Elimu aliyoichukia kwa kukosa kazi ilikuwa imemkalia ndani kimya kimya ikingoja siku yake, na dumuzi hakuigusa. Naam, akiba haiozi.