Ngiri Anajaribu Tu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa ghala!
Ghalani mna nini?
— Mahindi!
Na anayeyamaliza nani?
— Sema polepole, yuko hapo nyuma!

Basi palikuwa na ghala la wanyama, na mlangoni kompyuta. Siku ya mgao, mnyama anabonyeza jina lake, kompyuta inachungulia hifadhidata, yaani kumbukumbu zake za nani ana madebe mangapi, mlango unafunguka, mahindi yanamwagika, chwaaa! Na kwa kuwa mashine ni mashine, kila asubuhi ilifanyiwa majaribio. Ukibonyeza kitufe mara moja tu, yanajiendesha yenyewe: toa debe la Swala, toa debe la Kobe, toa debe la Kanga, na la kila mnyama mwingine.

Msimamizi wa majaribio alikuwa Ngiri. Alibonyeza kwa pua. Puu! Chwaaa! Puu! Chwaaa! Na kwa sababu majaribio yaliunganishwa na hifadhidata ileile ya kweli, yalitoka mahindi ya kweli, na Ngiri akayafagia kikwelikweli.

"Mzee Ngiri, unatumaliza!" wanyama wakalia.

"Nani anakula? Mimi najaribu tu!"

Swala akarudi nyuma. Kobe akaingiza kichwa gambani. Meno ya Ngiri mnayajua.

Sasa nyuma ya kompyuta, katikati ya nyaya, alikaa panya mmoja, Mama Saba, ana watoto saba ambao hata macho hawajafumbua. Siku moja akachungulia kumbukumbu: limebaki debe lake moja tu, basi! Mgao ni kesho adhuhuri, na Ngiri anajaribu asubuhi! Moyo ukamwenda du-du-du. Kiangazi hiki, maziwa yatoke wapi? Akimwambia Ngiri, atakanyagwa. Asipomwambia, watoto watakufa. Na miguu yenyewe imeshaanza kwenda, jamani, imemfikisha mbele ya yale meno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kidudu. Sema."

"Mzee naogopa hata kusema, ila mkubwa kama wewe kujaribia videbe vya Kobe, si aibu? Nikutengenezee hifadhidata yako, ya majaribio tu, niandike madebe elfu kumi, ukibonyeza inaanza upya, ukimaliza inajifuta, ukibonyeza tena, elfu kumi tena!"

Ngiri akameza mate, gudu! "Elfu kumi? Kila nikibonyeza?"

"Kila ukibonyeza. Ila lazima nikutoe kwenye hii ya kweli."

"Hii ya nini? Nitoe! Nitoe upesi!"

Mama Saba akaingia nyuma, kre-kre-kre, akakata waya wa huku, akaunga wa kule.

Asubuhi wanyama wote wakaja kutazama. Ngiri akaachama kabisa, akabonyeza. Puu! Kioo kikaandika: *Madebe elfu kumi yametoka. Jaribio limefaulu.* Haikudondoka hata punje. Puu! *Limefaulu.* Puu! *Limefaulu.* Pua ikavimba kama kiazi.

"We panya! Mahindi yangu yako wapi?"

Wanyama wote wakageuka. Du-du-du! Mama Saba akajibana nyuma ya Kobe, akasema mbiombio, "Mahindi gani tena mzee, si unajaribu tu?"

Ngiri akamtazama Swala. Akamtazama Kanga. Akisema ana njaa, amekiri. Asiposema, ana njaa.

"Eee... ndiyo. Najaribu tu."

"Na limefaulu?" akauliza Kobe.

"Limefaulu," akasema Ngiri, na tumbo likanguruma, ngrrrr!

Adhuhuri Mama Saba akabonyeza jina lake. Chwaaa! Akakokota punje moja moja hadi kwake, akala mpaka maziwa yakarudi, na watoto saba wakanyonya wakalala midomo wazi.

Ngano yangu imefika ukingoni: aliyekula anawe mikono, aliyejaribu aendelee kubonyeza.

Na funzo lake ni hili: mdogo asimdanganye mkubwa hata siku moja, ni tabia mbaya sana, afadhali kufa njaa kwa adabu. Mama Saba mwenyewe huwafundisha wanawe hivyo kila siku, wakishashiba.