Kikapu cha Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, moto unatutosha sote.

Hapo zamani za kale ukame uliishika nchi ya kanga, hata mdudu wa kudonoa asionekane. Mkuu wa kanga alikuwa Mwanakheri, ndege asiyelipokea jambo mpaka aulize lina nini ndani. Rafiki yao Tembo akawaletea kikapu cha mtama. Wakala, wakashukuru.

Kikapu cha pili kilikuja na neno. "Dada Mwanakheri," akasema Tembo, "asubuhi mnapiga kelele mno. Nyamazeni. Mkono mtupu haulambwi."

Wakanyamaza asubuhi.

Kikapu cha tatu: "Na mchana nyamazeni. Mkono mtupu haulambwi."

Wakanyamaza mchana.

Kikapu cha nne: "Chui akipita kwenda kwa paa, msilie. Mkono mtupu haulambwi."

Hapo Mwanakheri akashangaa. Tembo hali nyama. Ya Chui na paa yanamhusu nini? Akamfuata mpaka kwake.

"Kaka Tembo, Chui anakupa nini?"

Tembo akapunga masikio. "Ananiachia ndama wangu."

"Kumbe nawe una kikapu chako."

Mwanakheri akarudi kwake.

Jioni ile Chui akapita, ananyatia watoto wa paa. Kanga wote wakamtazama Mwanakheri. Akawafikiria vifaranga wake, jinsi walivyolala wameshiba. Kisha akalia: "Chui! Chui! Chui huyo!" Wakalia wote, paa wakatimka.

Mtama ukakoma. Kanga wakachakura ardhi ngumu hadi makucha yakatoka damu. Vifaranga wawili wa Mwanakheri wakafa kwa njaa. Wenzake wakamlaumu, naye hakubishana nao. Paa ndio waliowaonyesha bonde lenye unyevu. Wao wakichimbua kwa kwato, kanga wakidonoa mchwa, wakajikongoja hivyo hivyo mpaka mvua.

Chui naye, njaa ilipombana, akaitupa ahadi, akamrukia ndama wa Tembo, akamuua. Tembo akarudi kwa kanga na kikapu.

"Hiki kinataka nini?" akauliza Mwanakheri.

Tembo akatazama chini. "Chui akija kwangu, mlie."

"Tungelia tu, kaka. Hilo hatuliuzi. Rudi na mtama wako, au uuache bila neno."

Tembo akakitua kikapu, akaondoka kimya. Vifaranga wakakikimbilia. Mwanakheri akadonoa punje moja, akainua kichwa, akatazama huku na huku. Akadonoa ya pili, akainua kichwa. Na kanga hula hivyo mpaka leo.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.